Mzinga Chini ya Kiti cha Rubani

Tarehe 8 Juni 1989, kwenye maonyesho ya ndege ya Le Bourget karibu na Paris, rubani Msovieti Anatoly Kvochur aliipitisha MiG-29 mbele ya watazamaji taratibu mno, pua juu, kuwaonyesha kwamba inaweza kujishikilia hewani hata mwendo unapopungua kupita kiasi. Ndege mwenye manyoya akamezwa na injini ya kulia. MiG ikalalia ubavu, ikageuza pua chini na kuanza kuporomoka, na kutoka pale hadi ardhini palikuwa na mita 92 tu. Kvochur akavuta mpini. Kiti kikamtupa nje, parachuti ikaanza kujaa upepo, na sekunde 2.5 baadaye MiG ikalipuka kwenye majani. Yeye alitua mita kama 30 tu kutoka kwenye moto. Alinusurika, akarudi kurusha ndege.

Tangu siku hiyo kiti kile, K-36 cha kampuni ya Zvezda, kilipata sifa ambayo ndege yenyewe haikuipata. Wamarekani, waliokuwa mahasimu, walishirikiana na Zvezda kukijaribu katika miaka ya 1990. Leo viti vya ukoo huohuo vimo pia kwenye Sukhoi Su-30 za jeshi la anga la Uganda.

Mtu anaweza kuuliza: kwani rubani asifungue kioo akaruka na parachuti yake? Zamani walifanya hivyo, ndege zilipokuwa za mwendo wa pole. Lakini kadiri kasi ilivyopanda, upepo ulimbana rubani kitini asiweze hata kuinua mabega, na aliyefanikiwa kutoka aliukuta mkia wa ndege ukimsubiri nyuma. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wengi walikufa hivyo, si kwa risasi.

Wajerumani walikuwa wa kwanza kumwokoa mtu kwa kiti kinachorushwa. Tarehe 13 Januari 1942, Helmut Schenk alikuwa akijaribu ndege ya Heinkel He 280 iliposhindikana kuendeshwa kwa sababu ya barafu. Kiti chake kilisukumwa na hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi, naye akashuka salama. Hewa ilitosha kwa siku ile. Kwa ndege za jeti zilizokuwa zikija, ilihitajika baruti.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza kuwa gumu. Kuweka mzinga chini ya kiti na kuufyatua si kazi ya kumkosesha mhandisi usingizi. Tatizo ni kwamba mzinga haujui kama kilichomo mdomoni mwake ni risasi au ni mtu. Wote waliokuja kushughulika na kiti hiki, kwenye ndege na baadaye kwenye helikopta, walijikuta wakisumbuliwa na kitu kimoja ambacho hakikutengenezwa kiwandani: uti wa mgongo.

Aliyelitambua hili mapema kuliko wengi ni James Martin, mhandisi kutoka Ireland ya Kaskazini. Mshirika wake, Kapteni Valentine Baker, alikufa tarehe 12 Septemba 1942 akijaribu ndege waliyoiunda pamoja, MB3, injini ilipozimika mara tu baada ya kupaa. Msiba ule ulimgeuza Martin. Usalama wa rubani ukawa ndiyo kazi ya maisha yake. Mwaka 1944 serikali ya Uingereza ilipomtaka atafute njia ya kumtoa rubani kwenye ndege ziendazo kasi, wazo lake la kwanza lilikuwa mkono mrefu wa chuma uliolazwa mgongoni mwa ndege, ambao ungefyatuliwa na springi na kumnyanyua rubani kwa mikanda yake. Alipopiga hesabu vizuri aliliacha, akahamia kwenye baruti.

Karakana yake ilisimamisha mnara wa majaribio wenye reli zilizoinama, urefu wa karibu mita tano. Kwanza walirusha magunia ya mchanga. Kisha, tarehe 24 Januari 1945, fundi wa karakana hiyo aitwaye Bernard Lynch akaketi, akafungwa mikanda, akarushwa juu kiasi cha mita moja na nusu hivi. Akashuka hana neno. Wakamwongezea baruti, akapanda tena, na tena, hadi alipofika mita tatu hivi na kusema kwamba sasa anaumia. Muda si mrefu mwandishi wa habari aliyejitolea kuketi kwenye mnara uleule akavunjika pingili za mgongo.

Mtu mwingine angepunguza baruti na kuishia hapo. Martin aliuliza swali zuri zaidi: ni nini hasa kilichomvunja yule? Majibu aliyoyapata kwa vipimo yalikuwa matatu, na hadi leo ukikutana na mhandisi wa viti hivi atakutajia. Nguvu isizidi g 21. G moja ndiyo uzani wako wa kawaida unapoketi, kwa hiyo kwenye g 21 mtu wa kilo 70 anakuwa kana kwamba ana tani moja na nusu. Nguvu hiyo isidumu zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Na la tatu, ambalo kwangu ndilo lenye akili kuliko yote: isipande ghafla, mwendo wa kupanda kwake usizidi g 300 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mwili unaweza kuvumilia kishindo kikubwa endapo kinakuja kwa kupanda, lakini kishindo kidogo zaidi kinachokuja chote kwa mkupuo kinapasua mfupa.

Kwa hiyo mzinga ukabadilishwa. Ukawa mabomba yanayochomoka moja ndani ya jingine, na badala ya risasi moja ya baruti zikawekwa mbili. Ya kwanza inamsogeza rubani na kumkandamiza vizuri kitini. Ya pili inawashwa na moto wa ile ya kwanza kiti kikiwa tayari njiani, nayo ndiyo inayompa mwendo. Hata mpini uliwekwa kwa hesabu hiyohiyo. Kwenye viti vya mwanzo ulikuwa juu ya kichwa na ulishikana na pazia la turubai. Ili kuuvuta ilikubidi unyooke, uegemeze kichwa, uteremshe pazia usoni. Pazia lilikinga uso na upepo, lakini lilikuwa limekwisha kukunyoosha mgongo kabla hujajua kwamba umenyooshwa. Tarehe 24 Julai 1946 Lynch, yuleyule fundi, alifyatuliwa kutoka kwenye ndege ya Meteor iliyokuwa ikienda zaidi ya kilomita 500 kwa saa, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi. Akatua salama.

Tarehe 30 Mei 1949 rubani wa majaribio Jo Lancaster akawa wa kwanza kuokolewa kikweli na kiti cha Martin-Baker, ndege yake isiyo na mkia, AW.52, ilipoanza kutetemeka bila kukoma. Tangu hapo viti vya kampuni hiyo peke yake vimeokoa watu zaidi ya 7,500. Kisa ninachokipenda ni cha Luteni Bruce Macfarlane wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1954. Injini ya ndege yake, Wyvern, ilizimika aliporushwa kutoka kwenye meli ya kubebea ndege. Akatumbukia baharini mbele ya meli, nayo meli ikampitia juu. Alivuta mpini akiwa chini ya maji. Kiti hakikuwa kimebuniwa kwa kazi hiyo hata kidogo, lakini kilimtoa, akaibuka.

Siku hizi mpini uko katikati ya mapaja. Ukiuvuta, mikanda ya mabega inakurudisha nyuma kwa nguvu, kioo cha juu kinatupwa au kinapasuliwa. Kwenye ndege kama Hawk na Harrier utaiona kamba nyembamba iliyopindapinda juu ya kioo, wengi wakidhani ni mapambo. Ni kamba ya baruti. Kiti kinapanda, na mikanda iliyofungwa sakafuni inavuta miguu yako ikae pamoja na kiti isije ikatapanyika kwenye upepo. Kisha roketi iliyo chini ya kiti inachukua kazi pale mzinga ulipoiachia, na kwa sababu msukumo wake ni wa taratibu zaidi, unaweza kukupeleka juu ya kutosha parachuti ifunguke hata kama ndege imeegeshwa. Ukiwa juu sana, kiti hakikuachii. Kinaanguka na wewe, kikikupa oksijeni, hadi kifike kwenye hewa nzito. Ukiwa chini, yote haya yanaisha ndani ya sekunde mbili au tatu.

Na bado watu wanaumia. Wapo wanaotoka na pingili zilizobonyea. Mwaka 2015 Marekani ilikataza marubani wenye uzito wa chini ya kilo 62 hivi kurusha F-35, kwa kuwa kofia ya ndege hiyo, pamoja na vifaa vyake, ilikuwa nzito kiasi cha kuweza kuvunja shingo nyepesi parachuti inapofunguka. Katazo liliondolewa mwaka 2017, baada ya kofia kupunguzwa uzito, kuwekwa kizuizi cha kichwa, na kiti kupewa swichi inayochelewesha parachuti kidogo kwa rubani mwepesi. Shingo nayo ni uti wa mgongo.

Wakati mwingine ndege yenyewe hunufaika. Februari 1970, juu ya Montana, rubani wa F-106 iliyokuwa ikizunguka kuelekea chini alijirusha. Kuondoka kwa kiti na kishindo chake vikabadili mizani ya ndege, ikajinyoosha, ikashuka yenyewe na kutua kwa tumbo kwenye shamba lenye theluji, injini ikinguruma. Ilitengenezwa na kurudishwa kazini. Sasa iko kwenye makumbusho ya jeshi la anga huko Dayton.

Tukija kwenye helikopta, hesabu yote inavurugika. Juu ya kichwa cha rubani kuna mapanga yanayozunguka. Kumrusha juu ni kumkatakata. Kumrusha chini hakufai, maana helikopta za vita huruka karibu na miti. Ubavuni kuna wenzake.

Wahandisi wa Kamov, waunda helikopta wa Kirusi, walijibu kwa ukali wa Kirusi: mapanga yaondoke kwanza. Helikopta yao ya Ka-50, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, ina rafadha mbili zilizopandana, kila moja mapanga matatu. Rubani akivuta mpini, baruti iliyo kwenye mashina inayakata yote sita na kuyatawanya pembeni, paa linapasuliwa, halafu roketi ndogo inaruka na kumvuta rubani kwa mikanda. Tazama neno kumvuta: hasukumwi kutoka chini. Wamarekani walikuwa wametumia njia kama hiyo kwenye ndege za Skyraider katika vita vya Vietnam, na faida yake ni kwamba mwili unaovutwa kutoka mabegani unanyooka badala ya kushindiliwa. Ka-52, mdogo wake wa viti viwili, amerithi mpango huo. Lakini ni mpango wa watu wawili tu. Helikopta inayobeba askari kumi nyuma haiwezi kuwarusha marubani na kuwaachia abiria chuma kisicho na mapanga.

Ndiyo sababu hata aliyesomea ndege za kivita akipanda helikopta hupanda kama abiria mwingine yeyote. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, alifunzwa urubani wa ndege za kivita. Alifariki tarehe 18 Aprili 2024 katika helikopta ya Huey iliyoanguka Sindar, Elgeyo Marakwet.

Jibu la Marekani kutokana na vita vya Vietnam lilikuwa kumwacha mtu ndani na kuifanya helikopta ife kwa niaba yake. Huey ndizo zilizofundisha somo la kwanza: kuanzia 1970 ziliwekewa matangi ya mafuta yasiyopasuka kirahisi, na vifo vya moto baada ya kuanguka vikapungua sana. Black Hawk, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974, ilichorwa hivyo tangu mwanzo. Ikigonga ardhi, miguu ya magurudumu inajikunja na kumeza sehemu ya kishindo, kisha kiti cha rubani kinateremka kwenye reli zake kama sentimita 30 huku kikiharibu vyuma vilivyowekwa pale ili viharibike. Vyuma hivyo vimepimwa vianze kukubali nguvu inapofika g 14.5 hivi, isizidi hapo kwenye mgongo wa aliyeketi.

Kwa hiyo nafasi iliyo chini ya kiti cha namna hiyo lazima ibaki tupu. Marubani huonywa wasiweke begi, kofia ya chuma wala kisanduku cha risasi pale, kwa kuwa kiti kikishuka na kukuta mzigo kinasimama kabla ya wakati, na kishindo kilichobaki kinapanda moja kwa moja mgongoni.