Si Kila Mgongo Unaouma Una Baridi Yabisi

Kuanzia Voi, ukipanda kupitia Mwatate hadi Wundanyi, utasikia maumivu ya mgongo yakipewa jina lilelile: baridi yabisi. Mkulima wa milimani hulaumu ukungu wa alfajiri; mkata mkonge wa bondeni hulaumu sakafu anayolalia. Jina lenyewe lina asili ya Kiarabu. Matabibu wa kale waliamini kwamba mwili hutawaliwa na joto, baridi, unyevu na ukavu, na yabisi maana yake ni kavu. Basi anayelitamka huitamka pia nadharia yao, na mkono wake hukimbilia blanketi na dawa ya kuchua.

Nadharia hiyo haikukosea yote. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini vyenye maji mengi. Umri ukisonga, visahani hukauka na kusinyaa, nayo maungio madogo ya nyuma husagika. Hiyo ndiyo spondilosi. Ukavu upo kweli; baridi haiuleti. Maumivu yake aghalabu huzidi mtu anapobeba mzigo au kulima, na hupungua akipumzika.

Lakini nyuma ya jina hilo hujificha ugonjwa mwingine, ambao kwa kawaida huanza kabla ya umri wa miaka 45, mara nyingi katika ujana. Wataalamu huuita ankilosi spondilaitisi. Kinga ya mwili huyashambulia maungio, hasa pale uti unapokutana na nyonga, na baada ya miaka mingi pingili zaweza kugandamana. Katika eksirei, madaktari husema, uti huo hufanana na mwanzi. Msemaji wa Kiswahili hashangai: pingili ndilo neno letu la muwa na mwanzi pia.

Dalili zake ni kinyume cha zile za mzee. Mgongo hukakamaa asubuhi kwa nusu saa au zaidi, kupumzika hakusaidii, mwendo hutuliza. Maumivu humwamsha mtu usiku, na pengine jicho huwa jekundu na kuuma. Walimu wenzangu, mwanafunzi wa bweni anayeshindwa kuinama afunge viatu alfajiri, kisha jioni akacheza kandanda, huitwa mvivu. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi mitatu, apelekwe hospitalini. Huyu blanketi na kitanda havimfai. Hufaa mazoezi ya kila siku na dawa za kutuliza uvimbe.

Ni kweli kwamba ugonjwa huu ni nadra kwetu, kwa kuwa kiashiria cha kurithi kiitwacho HLA-B27, kinachoandamana nao, ni haba miongoni mwa Wabantu. Kwa hiyo daktari hana budi kufikiria pia kifua kikuu cha mgongo (jina la ajabu, nakiri), kilichoelezwa na mpasuaji Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779. Hicho huweza kuja na homa, jasho la usiku na kukonda, na kikiachwa huacha kibiongo au hupoozesha miguu. Dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali nchini Kenya.