KUSAFISHA INJINI YA GARI KUUKUU NYUMBANI

Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, ilijipatia sifa katika Afrika Mashariki kwa kustahimili barabara mbovu. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda kwa gari hilo mashindano ya East African Safari. Hata hivyo, mwanachama wa Kinondoni au Temeke ambaye bado analo hana budi kujua kwamba injini iliyoshinda vumbi na matope huweza kushindwa na ndoo moja ya maji.

Sababu ni umbo lake. Injini hiyo imelazwa upande, na plagi zake zimo ndani ya mashimo marefu yaliyopita katika kifuniko cha vali. Maji yakiingia humo hayatoki upesi. Umeme hupotea kabla ya kuifikia ncha ya plagi, na gari hukataa kuwaka. Mchanga nao ukikaa humo, plagi ifunguliwapo huanguka ndani ya silinda na kuzikwaruza kuta zake.

Kwa hiyo kazi ifanywe kwa utaratibu ufuatao:

1. Injini iachwe ipoe kabisa. Waya wa upande hasi wa betri ufunguliwe.

2. Kabureta, distributa na dinamo vifungwe kwa mifuko ya nailoni.

3. Mashimo ya plagi yapulizwe kwa pampu ya baiskeli kabla plagi hazijaguswa. Kila waya utiwe alama, usije ukarudishwa mahali pasipo pake.

4. Grisi ikwanguliwe kwa kijiti, kisha isuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, mahali pa wazi, mbali na moto na sigara. Petroli isitumiwe kamwe, kwani mvuke wake hushika moto upesi. Soda kali nayo isitumiwe, kwa kuwa hula alumini ya kichwa cha silinda.

5. Injini ifutwe kwa kitambaa, ikauke vizuri, ndipo betri iunganishwe na gari kuwashwa.

Faida ya usafi huo si urembo. Injini iliyo safi huonyesha mahali oili inapovuja na mpira unaopasuka, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Limebaki jambo moja lililo kubwa kuliko gari lenyewe. Oili chafu na mafuta yaliyooshea visimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Huko Temeke mifereji mingi huteremka hadi Mto Kizinga, ambao umekuwa chanzo cha maji cha mtambo wa Mtoni. Yafaa basi kila chama chenye wanachama wenye magari kiweke pipa moja lenye mfuniko, na kila mwenye gari apeleke humo uchafu wake. Gharama ya pipa ni ndogo. Kisima kilichoingiwa na oili hakisafishiki kwa brashi.