Kwa nini zeze la Kigogo likikutana na kinanda linaonekana limekosea?

Ukitoka stendi ya Msamvu mjini Morogoro ukashika barabara ya Dodoma, unaiacha milima ya Uluguru nyuma mpaka unafika Gairo. Mkoa wa Morogoro unaishia huko, na Ugogo unaanza. Na muziki nao unabadilika.

Vyombo viwili vinatawala. Zeze ni kijiti, kibuyu na nyuzi, linapigwa kwa upinde. Wauzbeki na Wauyghur wa Asia ya Kati nao wana ndugu yake, ghijak.

Chombo cha pili ni ilimba, yaani marimba ya mkononi: sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyochezwa kwa vidole gumba. Ule mlio wa "zzz" unaousikia sio ubovu. Tundu la sanduku hufunikwa kwa utando wa buibui ili utetemeke.

Sasa, shida iko wapi?

Uzi ukitetemeka hautoi sauti moja tu. Unatetemeka mzima, kisha kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea, na kila sehemu ina sauti yake. Wagogo wamejenga muziki wao juu ya sauti hizo za asili.

Ile ya saba haipo kwenye piano. Iko chini ya noti iliyo karibu nayo kwa kama theluthi moja ya hatua kati ya kitufe kimoja na kinachofuata. Ndiyo maana studio wanasema zeze "halijatyuniwa". Limetyuniwa, ila kwa kipimo kingine.

Kijana akilivuta zeze lifuate app ya simu, litapatana na kinanda, lakini ile sauti ya saba itakuwa imekufa. Na app haitamwambia.

Inawezekana kufika mbali bila kuiua. Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alitoa albamu ya Chibite Uingereza kwa zeze na ilimba. Mwaka 2024, Pendo na Leah wa ukoo huohuo, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa Maisha.

Unataka kurekodi? Anza na ilimba, isikilize, halafu shusha noti za kinanda ziifuate. Programu nyingi za studio zinaruhusu. Kinanda ndicho kibadilike, sio mzee.