Herufi Zinazoachwa Mwishoni mwa Maneno

Makambako ni njia panda: hapo barabara ya kwenda Njombe na Songea huachana na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975, hupita. Wabena, Wahehe na Wakinga huongea hapo kwa Kiswahili. Twapenda msomaji aangalie neno moja lao, «mwenzangu». Asili yake ni «mwenzi wangu». Herufi i mwishoni mwa «mwenzi» imeachwa, pamoja na w inayoifuata. Wengine hudhani huo ni uvivu wa ulimi, wakazirudisha. Lakini mwenzangu ni mtu wa safari moja nami au kazi moja. Mwenzi wangu, siku hizi, hufahamika kuwa mume au mke. Basi mwandishi wa barua na ajihadhari: herufi mbili zaweza kuleta ugomvi nyumbani.