Nota Zilizoibuka: Rekodi za Muziki Uliodhaniwa Umepotea

Mtunzi wa muziki akifa huacha karatasi, na karatasi hugawanywa, huuzwa, huibwa, huliwa na moto. Hata hivyo, kila baada ya miaka michache kazi ya gwiji fulani wa Ulaya huibuka, mara nyingi kutoka kwenye rafu ya maktaba iliyokuwa ikifutwa vumbi miaka yote. Hizi ndizo zilizovunja rekodi.

Shehena kubwa: Vivaldi
Antonio Vivaldi alifariki Vienna mwaka 1741 akiwa hana kitu, na muziki wake ukasahaulika. Mwaka 1926 mapadri Wasalesiani wa Piedmont, Italia, waliishiwa fedha za ukarabati, wakaamua kuuza vitabu vyao vya kale. Profesa Alberto Gentili, aliyetumwa kuvikagua, alikuta juzuu 14 za Vivaldi. Namba zake zilikuwa zinarukaruka, naye akang’amua kwamba mkusanyo ule umekatwa vipande viwili. Kweli, ndugu wawili wa ukoo wa Durazzo wa Genoa walikuwa wamegawana urithi. Nusu ya pili ilinunuliwa mwaka 1930. Kila nusu ililipiwa na baba aliyefiwa na mwanawe mdogo, ndiyo maana Turin ina mikusanyo yenye majina ya watoto hao, Mauro Foà na Renzo Giordano. Kwa jumla ni juzuu 27, zenye kazi takriban 450.

Uongo uliodumu: Berlioz
Hector Berlioz alitunga misa yake mwaka 1824, akiwa na miaka 20. Baadaye akatangaza kwamba ameichoma moto, na dunia ikamwamini. Mwaka 1991 Frans Moors, mwalimu na mpiga ogani wa Antwerp, alifungua sanduku kwenye roshani ya ogani ya kanisa la Mtakatifu Karoli Borromeo, akakuta misa nzima, kwa mwandiko wa Berlioz mwenyewe. Nota zikamwumbua marehemu: ile misa aliyoidharau alikuwa akiichotea nyimbo kimyakimya, na mmojawapo umo ndani ya *Symphonie fantastique*, kazi iliyompa jina.

Kuponea chupuchupu: Bach
Septemba 2004 moto uliteketeza maelfu ya vitabu katika maktaba ya Anna Amalia, Weimar. Karatasi za pongezi kwa mtawala wa zamani zilisalimika kwa kuwa zilikwishahamishiwa kwa mafundi wa ukarabati. Mwaka 2005 mtafiti Michael Maul alikuta miongoni mwake wimbo ambao Johann Sebastian Bach alimtungia Duke Wilhelm Ernst kwa siku yake ya kuzaliwa, Oktoba 1713. Tangu 1935 hakuna kazi mpya ya uimbaji ya Bach iliyokuwa imeonekana.

Subira ndefu: Bach tena
Mwaka 1992 mtafiti Peter Wollny aliona Brussels vipande viwili vya ogani visivyo na jina la mtunzi wala tarehe. Alishuku ni vya Bach, lakini akanyamaza akitafuta ushahidi. Ulipatikana pale mwandiko ulipotambuliwa kuwa wa Salomon Günther John, mwanafunzi wa Bach. Vilitangazwa Novemba 2025, baada ya miaka zaidi ya 30, na mpiga ogani Ton Koopman akavipiga mjini Leipzig katika kanisa lenye kaburi la Bach.

Ndogo kuliko zote: Chopin
Walsi iliyotambuliwa mwaka 2024 katika maktaba ya Morgan, New York, imeandikwa kwenye kadi ya takriban sentimita 10 kwa 13, na haifiki dakika moja na nusu. Jina “Chopin” lililo juu yake halikuandikwa naye. Kilichomtambulisha ni karatasi, wino na namna yake ya pekee ya kuchora alama ya sauti za chini. Baada ya mwanzo mtulivu mna agizo la kupiga kwa nguvu zote, jambo adimu kwa mtu aliyesifika kwa upole wa vidole.

Sauti nyingi: Striggio
Misa ya Alessandro Striggio, ya karne ya 16, ilikaa Paris huku jina la mtunzi limekosewa katika orodha ya maktaba. Mtafiti Davitt Moroney aliitambua mwaka 2005. Ina sauti 40 zinazojitegemea, na mwishoni hufika 60.

Bei kubwa: Beethoven
Muswada wa *Grosse Fuge* kwa piano, kurasa 80, ulionekana Julai 2005 kwenye kabati la chuo cha theolojia Pennsylvania, mkutubi akifanya usafi. Desemba mwaka huohuo ulipigwa mnada London kwa zaidi ya pauni milioni moja.

Rekodi isiyo na mwenyewe
Opera ya *Arianna* ya Claudio Monteverdi, iliyochezwa Mantua mwaka 1608, bado haijulikani iliko, isipokuwa ombolezo lake moja. Wawindaji wa hazina wanaikodolea macho, ila kwa mwenendo wa orodha hii, dau liwekwe kwa karani wa maktaba anayesahihisha kadi zilizoandikwa vibaya.