KIZURI CHAJIUZA: JE, NA CHUO KIKUU?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, methali hii yafaa kwa vyuo vikuu? Sisi wa kidato cha nne, ambao hivi karibuni tutachagua kozi, swali hili latuhusu sana.

Hebu tuanze sokoni. Mama akinunua maembe akayakuta yameoza ndani, kesho atahamia kwa mwuzaji mwingine. Hivyo ndivyo soko linavyomtia adabu mwuzaji mbaya. Lakini jamani, shahada si embe! Hulipiwa kabla ya kuonjwa, tena hununuliwa mara moja tu. Ubovu wake hujulikana baada ya miaka minne, pesa zikiwa zimeshakwenda. Kwa hivyo mnunuzi hukadiria kwa macho: jina la chuo, majengo marefu, tangazo gazetini. Chuo nacho, kikijua hivyo, hupamba kile kinachoonekana.

Hapa kwetu Kenya, mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia karo yote. Vyuo vingine vya umma vikafuata. Faida ilikuwepo, tusikatae. Wengi waliokosa nafasi za serikali walipata pa kusomea, na wenye kazi wakasoma jioni. Lakini polepole kozi nzuri ikawa ile inayojaza darasa. Kisha masharti ya mtihani yakakazwa. Mwaka wa 2015 waliopata A katika KCSE walikuwa 2,685. Mwaka wa 2016 walikuwa 141 tu. Waliopata C+ na zaidi wakawa 88,929, nao wakatoshea katika nafasi za serikali. Wateja wa kujilipia wakaadimika, na vyuo vilivyozoea pesa zao vikaona cha mtema kuni.

Wengine husema dawa ni kuvipanga vyuo kwa nambari, wa kwanza hadi wa mwisho. Huko Marekani, gazeti la U.S. News lilianza kufanya hivyo mwaka wa 1983. Chuo Kikuu cha Columbia kilifika nambari 2. Mwaka wa 2022 mwalimu wake mmoja wa hisabati, Michael Thaddeus, akazichunguza takwimu ambazo chuo kilikuwa kimepeleka, akatilia shaka. Chuo kikakiri makosa, na mwaka huohuo kikashuka hadi nambari 18. Waona? Hata kipimo chenyewe, kikishaleta wateja, huingiwa na kishawishi.

Basi nani apime? Tunayo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, na bodi za taaluma kama ile ya wahandisi. Hao hawauzi kozi. Binamu yangu hakuwauliza. Alivutiwa na tangazo, akasoma, akavaa joho, tukapiga vigelegele. Alipokwenda kuomba usajili wa kazi yake, akaambiwa kozi ile haitambuliwi. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wawili.

Kwa hivyo, ndugu zangu, kabla ya kujaza fomu tuulize: Je, Tume imeidhinisha kozi hii? Bodi ya taaluma yaitambua? Walimu na maabara wapo? Waliomaliza wanasemaje? Soko litatuambia kinachonunuliwa. Kinachofaa, ni juu yetu kukiuliza mapema, kwani majuto ni mjukuu.