Kijana Aendapo Dahalia

Lugha yetu ya Kiswahili imelipa neno "chuo" maana nyingi. Wazee wetu walikiita kitabu chuo. Mahali mtoto asomapo Kurani pakaitwa chuoni. Na aliyezama katika elimu akaitwa mwanachuoni. Leo neno hilo hilo ndilo tulitumialo kwa Chuo Kikuu. Basi kijana wa Kiislamu atokaye kwetu akaenda kusoma Mlimani, Dar es Salaam, atoka chuo kimoja aenda chuo kingine. Lakini iko tofauti moja kubwa. Katika chuo cha kwanza jioni alirudi kulala kwao. Katika chuo cha pili alala dahalia, au bweni kama wasemavyo wengi wa bara, pamoja na vijana asiowajua, wala hapana mama wa kumgongea mlango alfajiri.

Kulala ugenini kwa ajili ya elimu si jambo jipya katika Uislamu. Katika Msikiti wa Mtume wetu (S.A.W.), Madina, palikuwa na mahali palipoezekwa paitwapo Suffa, wakikaa hapo masahaba wasio na jamaa wala mali mjini, na mmoja wao alikuwa Abu Huraira, aliyetuletea hadithi nyingi kuliko sahaba mwingine yeyote. Katika Al-Azhar ya Misri wanafunzi walikaa katika riwaqi zao, kila watu wa nchi na mahali pao. Na hapa pwani, Msikiti wa Riyadha wa Lamu umepokea wanafunzi wa mbali miaka mingi. Kwa hiyo hatuandiki haya ili kumtia mzazi hofu, wala ili kumzuia mtoto, awe mvulana au msichana. Twaandika kwa kuwa safari hii ina maandalizi yake, na aghlabu twaona yanayotayarishwa ni sanduku peke yake.

Tukumbuke kisa cha Nabii Yaakub (A.S.) kilichomo katika Sura ya Yusuf. Wanawe walipokuwa wakienda Misri, mji mkubwa, aliwaagiza wasiingie wote kwa mlango mmoja, bali waingie kwa milango mbalimbali. Na papo hapo akawaambia kuwa agizo lake haliwezi kuzuia hukumu ya Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye amemtegemea Mungu. Hapa mzazi apata mambo mawili pamoja: amfundishe mtoto namna ya kuingia mjini, kisha amkabidhi kwa Mola wake. Asiyefundisha akasema ametawakali, huyo amechukua nusu ya sunna ya Yaakub akaiacha nusu.

Wakati wa kufundisha upo. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa Mei, matokeo hutoka Julai, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Wengine katika muda huo huitwa Jeshi la Kujenga Taifa, na huko huonja maisha ya kambini. Lakini wao nao hurudi nyumbani kabla ya chuo. Kanuni yetu kwa wiki hizo ni moja: kila jambo atakalolifanya peke yake huko, na alifanye peke yake kwanza hapa, machoni mwetu.

Tuanze na sala ya Alfajiri. Vijana wengi waliolegea katika dini huko vyuoni hawakukana dini siku moja. Walikosa mtu wa kuwaamsha, wakaikosa Alfajiri moja, kisha ya pili, hata moyo ukazoea. Kosa hili twaweza kulizuia tukingali nyumbani. Mzazi na aache kumwamsha mwanawe. Amwambie waziwazi, "Tangu leo utaamka mwenyewe." Atafute saa ya kumwamsha, alale mapema, ajue udhaifu wake. Akilala jua likampambazukia, nyumbani yuko wa kumkumbusha akalipa, huko hayuko.

Yako pia masuala ya fikihi yampasayo kuyajua. Atokaye Tanga kwenda Dar es Salaam, njiani ana ruhusa ya kukusanya sala na kuzikasiri, kwa kuwa masafa yapita marhala mbili. Lakini akiisha fika, naye amenuia kukaa siku nne kamili zisizohesabiwa siku ya kuingia wala ya kutoka, basi kwa madhehebu ya Imamu Shafii safari yake imekatika. Husali rakaa nne kama mwenyeji. Kijana wa dahalia asijifanye msafiri muhula mzima. Ama kibla, ajue kwamba Dar es Salaam na Makka zakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Akiijua kaskazini ya chumba chake ameijua kibla. Na kwa kuwa bafu ni la watu wengi, afundishwe josho la janaba na tohara yake barabara, bila ya mzazi kuona haya. Haya ya mzazi hapa humwacha mtoto kuuliza wasiojua.

Jambo la pili ni fedha. Wengi husoma kwa mkopo wa Serikali, na fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, iliongezwa katika mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ikitolewa ya siku 60 kwa mkupuo, ni shilingi 600,000 mkononi mwa kijana ambaye pengine hajapata kushika 50,000 zake mwenyewe. Basi mpeni tangu sasa matumizi yake ya mwezi mzima, nauli na sabuni na vocha, ayashike mwenyewe. Yakimwishia tarehe 20, msimwongezee. Bora aone haya ya kumwomba mdogo wake nauli hapa, kuliko kukopa kwa watu asiowajua huko.

Wala asidhani kuwa bumu ni zawadi. Ni deni, na akipata kazi ya mshahara hukatwa asilimia 15 mpaka liishe. Zamani deni hilo lilikuwa likiongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kutunza thamani ya fedha, na baadhi ya wazazi wetu walijizuia kwa kuogopa riba. Ongezeko hilo lilifutwa mwaka 2021. Aliye na shaka na awaulize wanavyuoni upya, kwa hali ilivyo sasa, si kwa hali ilivyokuwa.

La tatu ni kazi za mikono. Mvulana asiyejua kufua kanzu yake wala kupika wali atakuwa mzigo kwa wenzake. Mtume wetu (S.A.W.) alishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake, ni nani sisi hata kazi hizo ziwe aibu kwa wana wetu? Kina mama, waiteni jikoni. Lakini akifika dahalia asome kanuni zake, na palipokatazwa kupika chumbani asipike kwa kujificha. Twakumbuka Septemba 2020, moto ulipounguza bweni la watoto katika Mkoa wa Kagera wakafa wanafunzi 10. Kanuni ya moto ni amana ya roho za watu.

La nne ni mji wenyewe. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam kuwa 5,383,728. Mabasi ya mikoani, ambayo zamani yalishusha abiria Ubungo, tangu 2021 yana kituo chao kikubwa Mbezi, na kutoka hapo hadi Mlimani ni safari nyingine ya daladala. Mgeni asishuke usiku ikiwa aweza kufika mchana, wala asimpe mzigo wake mtu aliyemkuta kituoni. Na ajue kwamba si kila mwanafunzi apata kitanda chuoni. Mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa Aprili 2017 yana majengo 20 na nafasi 3,840, iko na hosteli ya Mabibo, na bado wengi hupanga vyumba Sinza, Msewe na Changanyikeni. Anayepanga asitume kodi kwa simu kwa mtu asiyemwona, kwa chumba asichokiona.

La tano ni wenzake wa chumbani. Pengine atalala na Mkristo wa Mbeya na Muislamu wa Kigoma asali kidogo. Wote ni majirani, na jirani ana haki ijapokuwa si wa dini yetu. Akiamka Alfajiri asiwashe taa akawaamsha wote. Asipige redio usiku. Sufuria yake aijue na ya mwenzake aijue. Akialikwa chakula asichokiamini akatae kwa adabu, bila ya kumkunjia mtu uso. Tabia njema ya mmoja chumbani hufanya kazi ambayo hotuba kumi haziwezi. Ama binti yetu, yeye hukaa katika jengo la wanawake, lakini ukumbi na njia ni za watu wote. Awe na vazi jepesi la kujisitiri la kuvaa upesi anapotoka mlangoni, na awe na rafiki mmoja mwema wa kutembea naye jioni.

Ama sanduku, lisiwe kubwa. Vyeti vya kuzaliwa na vya kidato cha nne na cha sita pamoja na nakala zake, kitambulisho cha taifa, kadi ya bima ya afya, chandarua, shuka mbili, kufuli nzuri, ndoo yenye kifuniko kwa siku maji yanapokatika, kopo la kutawadhia, malapa, msala na Msahafu. Vyombo viandikwe jina. Nguo za fahari zaweza kungoja.

Na siku ya kumpeleka, tunaona kina baba wengi huishia mlangoni mwa dahalia: hushusha mizigo, hutoa noti mbili, wakageuka. Twawashauri jambo jingine. Baada ya mizigo kuingia chumbani, nendeni pamoja mpaka msikiti wa pale chuoni, na binti aende na mama yake upande wa wanawake. Salini naye sala ya kwanza. Mjulisheni kwa imamu na kwa vijana wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, chukueni namba zao, nao wachukue zenu. Kisha agananeni hapo hapo. Mkimwachia mlangoni mwa bweni, mmemwachia kitanda. Mkimwachia msikitini, mmemwachia jamaa.

Baada ya hapo msimsahau, wala msimfuate kama mlinzi. Mpigieni simu Ijumaa, mumuulize habari za masomo na za afya kabla ya kumuuliza habari za fedha, na dua zenu za usiku zisikatike. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu katika safari zao za elimu, awape wenzi wema, na awarejeshe kwetu wakiwa na ilimu yenye manufaa na dini iliyo kamili. Amin.